Nafaka Inayoondoka Kiangazi

Katika nyanda za Dodoma na Singida mvua ni moja tu kwa mwaka. Huanza yapata Desemba, na ikifika mwisho wa Aprili imekwisha. Miezi inayobaki yote ni kiangazi. Mtu wa mjini akilisikia neno hilo hufikiri jua kali na vumbi, wala hakosei. Lakini mwenyeji wa huko hufikiri kwanza mavuno. Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi ya kutetemesha, ndipo masuke ya mtama na uwele hukatwa, mahindi hupukuchuliwa, karanga huanikwa, na karibu kila nyumba ina chakula. Ndiyo miezi ya jando, ya harusi na ya ngoma. Ndiyo pia miezi ambayo ndugu wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam, Morogoro na Arusha huomba likizo waende kwao, wakale ugali wa uwele kwa mlenda, kisha wakarudi kazini wakisimulia kwamba kijijini hakuna shida.

Twataka kusema na ndugu hao, na vilevile na wenyeji wanaowapokea, juu ya jambo linalofanyika machoni pa watu wote katika miezi hiyo ya furaha, nalo halizungumzwi. Jambo lenyewe ni kuondoka kwa nafaka.

Huondoka kwa namna ambayo kila mtu wa vijijini anaijua. Lori huja likasimama chini ya mbuyu au mbele ya duka. Mchuuzi mwenyewe mara nyingi haonekani. Aonekanaye ni dalali wake, naye si mgeni, ni mtoto wa kijiji hicho hicho, anajua ni nyumba ipi ina mgonjwa, ni ipi ina mtoto anayesubiri sare ya shule, na ni ipi ina deni la jembe la ng'ombe. Huja na debe lake. Ukilitazama debe hilo kwa makini utaona limegongwa kwa ndani hata tumbo limetoka nje. Debe la haki huchukua lita 20, yaani kiasi cha kilo 17 au 18 za mahindi. Lile lililopanuliwa huchukua zaidi, na ziada hiyo haina malipo. Kisha huja gunia. Gunia la debe sita hushonewa kilemba juu likawa la debe saba, na hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yakataza jambo hilo, na kila mwaka viongozi hutoa onyo majukwaani. Lakini onyo la jukwaani halifiki chini ya mbuyu, na mwenye mizani pale hayupo.

Kwa nini basi mkulima huuza? Si kwa ujinga, kama wasemavyo baadhi ya watu wenye mishahara. Huuza kwa sababu Juni ndiyo wakati pekee ambapo ana kitu cha kuuza, na madeni ya mwaka mzima yamekaa yakiungoja Juni. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu 2016, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini sare, madaftari na michango midogo midogo havikuondoka pamoja nayo. Yuko aliyekopa mwezi wa Februari kwa ahadi ya kulipa gunia wakati wa mavuno, naye hulipa gunia hilo kabla hata halijakauka. Na yuko, tusifiche, anayeuza kwa ajili ya sherehe na pombe.

Tufanye hesabu ya mfano, maana maneno matupu hayamshibishi mtu. Tuseme nyumba ya watu sita imevuna debe 48 za mahindi, na ili ifike mavuno mengine yahitaji debe 42. Ziada yake ya kweli ni debe sita, gunia moja tu. Lakini mahitaji ya Juni ni makubwa kuliko gunia moja, basi huuzwa magunia matatu, kila gunia kwa shilingi 50,000. Na kwa kuwa ni magunia ya lumbesa, zimeondoka debe 21. Nyumba imepata shilingi 150,000 na imebaki na debe 27. Mwishoni mwa Januari debe hizo zimekwisha. Sasa zinatakiwa debe 15 za kununua dukani, na huko dukani gunia la debe sita sawasawa limepanda likafika, tuseme, shilingi 100,000. Nyumba hiyo yatakiwa kutoa shilingi 250,000. Kwa hiyo imetoa debe 21, imerudishiwa 15, na juu ya hasara hiyo imeongeza shilingi 100,000. Bei zenyewe hubadilika mwaka hata mwaka na mahali hata mahali, na msomaji aweza kuweka zile za kijijini kwake. Mwendo wa hesabu atauona ni uleule.

Na shilingi hizo 250,000 zatoka wapi Januari? Hapo ndipo penye jeraha. Januari na Februari ndiyo miezi ya palizi. Shamba linamhitaji mwenyewe kila siku, kwa maana magugu hayangoji. Lakini nyumba isiyo na unga haiwezi kupalilia shamba lake. Baba na mama huamka alfajiri kwenda kufanya kibarua katika shamba la mwenzao aliyebakiza chakula, wapate debe moja au nusu debe. Jioni hurudi wamechoka, na shamba lao limezidi kuota magugu. Mavuno yanayofuata hupungua, na Juni inayofuata deni limekua. Watu husema mvua imewatupa. Mvua pengine ilikuwa nzuri. Kilichowatupa ni gunia lililoondoka miezi saba nyuma. Hata mwenye shamba aliyewaajiri si lazima awe mtu mbaya. Yeye alikuwa na uwezo wa kungoja tu, na jirani zake hawakuwa nao.

Wazee wa Ugogo hawana haja ya kufundishwa habari hii. Njaa waliyoipa jina la Mtunya, iliyowapiga kati ya 1917 na 1920, huhesabiwa miongoni mwa njaa kubwa kabisa katika kumbukumbu zao. Ukame ulikuwapo, hakuna anayekana. Lakini kabla ya ukame yalipita majeshi. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya vita vyao. Waingereza walipoingia 1916 nao wakachukua. Nchi ile ilizoea ukame tangu zamani, na ilikuwa na vihenge na makundi ya ng'ombe ya kuuvuka. Safari ile mvua zilipokosa, vihenge vilikuwa vitupu na mazizi yamepungua, na wale vijana wa kulima walikuwa wamebeba mizigo ya wengine. Hatusemi kwamba lori la mchuuzi ni sawa na jeshi la Kaizari. Jeshi lilichukua kwa bunduki. Mchuuzi hununua, na mwuzaji hupokea fedha mkononi. Tunachosema ni kwamba kihenge kitupu hakiulizi kilimwagwa na nani.

Sasa ziko hoja za upande wa pili, nazo yafaa zisikilizwe kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni ya mkulima mwenyewe: nafaka nikiiweka, italiwa na wadudu. Ana haki. Tangu alipoonekana mkoani Tabora yapata 1981, mdudu aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, ameenea katika sehemu nyingi za nchi. Aweza kuyageuza mahindi ya nyumba nzima kuwa unga wa vumbi kabla ya mvua kurudi, na makopa ya muhogo hali kadhalika. Huyapenda zaidi mahindi yaliyoachwa katika magunzi. Mahindi yaliyopukuchuliwa, yakapepetwa, yakachanganywa na dawa ya unga iliyo halali na kwa kipimo chake, huokoka. Na iko sasa mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo ikifungwa barabara mdudu hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa yoyote. Mfuko mmoja una gharama, lakini gharama hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na gunia zima, tena mfuko usiotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Uwele nao, punje yake ndogo, hukaa kihengeni muda mrefu kuliko mahindi. Wazee hawakuuchagua kwa bahati.

Iko hatari nyingine iliyo mbaya kuliko dumuzi, kwa sababu haionekani. Mwaka 2016 katika baadhi ya wilaya za Dodoma na Manyara, zikiwamo Chemba na Kondoa, watu zaidi ya 60 waliugua ugonjwa wa manjano na kuvimba tumbo, na wapatao 20 wakafa, wengi wao wakiwa watoto. Chanzo kilikuwa sumukuvu katika mahindi waliyoyalima wenyewe. Huko Kenya, Makueni na Kitui, 2004, waliougua kwa sumu hiyo walikuwa 317, na waliokufa 125. Kuvu huyo hushika nafaka iliyoteswa na ukame shambani, kisha ikawekwa ikiwa na unyevu au ikarundikwa juu ya ardhi. Sumu yake haitoki kwa kupikwa. Kwa hiyo anayemwambia mkulima aweke nafaka bila kumwambia namna ya kuikausha amemwambia nusu tu ya neno.

Kukausha si elimu ya chuo kikuu. Nafaka ianikwe juu ya turubai au jamvi, isiwe juu ya mchanga. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu zichaguliwe zitupwe, wala zisifanywe pombe wala chakula cha kuku. Mwenye kutaka kujua kama imekauka na atwae chupa kavu, atie punje mpaka robo ya chupa, atie na kijiko cha chumvi kavu, aifunge, aitikise kwa nguvu, kisha aiache itulie dakika chache. Chumvi ikishika katika kuta za chupa, nafaka bado ina unyevu na irudi juani. Isiposhika, yaweza kuwekwa. Jua la Agosti la Dodoma ni mali ambayo nchi zenye mvua nyingi wangeinunua kwa fedha.

Lakini nani ataanika, nani atachagua punje moja moja? Twajua jibu, na hapa twapenda kusema bila kuzunguka. Ni mwanamke. Naye kiangazi ndicho kipindi ambacho hana muda kabisa, kwa sababu mito imekauka na maji yako chini ya mchanga. Kijiji chenye bomba linalotoa maji humkuta nyumbani saa moja asubuhi. Kisicho na bomba, au chenye pampu iliyovunjika tangu mwaka jana, humkuta amepiga magoti ndani ya shimo mtoni akichota kwa kata, kata kwa kata, na foleni nyuma yake. Hurudi jua likiwa kichwani. Hivyo pampu mbovu si shida ya maji peke yake. Ndiyo pia iliyofanya karanga zilale nje usiku na mahindi yaingizwe ndani yakiwa mabichi. Wale walio katika vyombo vya maji vya jamii wanaokaa na makusanyo ya fedha bila kuita mkutano wa hesabu wafikirie hilo.

Tena mwanamke huyo aliyelima, akapalilia, akavuna, akapepeta, mara nyingi hakuulizwa lori lilipokuja. Alirudi mtoni akakuta kihenge kimeshuka. Yako majumba ambayo mume na mke huhesabu debe pamoja, na hayo hayana haja na maneno yetu. Katika mengine, anayepika ndiye anayejua zinatakiwa debe ngapi, na anayeuza ndiye asiyejua.

Hoja ya pili ni ya wakubwa: basi tupige marufuku uuzaji. Hiyo twaikataa. Mwaka 2011, na tena 2017, mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi kwa nia ya kulinda chakula, na mzigo wa amri ya namna hiyo humwangukia mkulima, kwa maana bei ya shambani hushuka huku mahitaji yake ya fedha yakibaki palepale. Ziko pia wilaya ambazo kwa nyakati mbalimbali zimeweka vizuizi barabarani, na kizuizi barabarani ni shule ya rushwa. Nafaka ni mali ya aliyeilima. Ana haki ya kuiuza Juni, Desemba, au asiiuze kamwe. Tunachotaka ni kwamba auze kwa hiari yake, kwa mizani, na baada ya kuhesabu. Leo wengi huuza kwa kulazimishwa na shida, kwa debe lililogongwa, na kwa kukisia.

Chombo cha kazi hiyo kipo tayari, wala hakihitaji kuundwa kingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 yaupa kila mtu mzima wa kijiji haki ya kuketi katika mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hupaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji yaweza kupendekeza sheria ndogo, na zikipitishwa wilayani zina nguvu. Mkutano wa kiangazi waweza basi kuamua kwamba hakuna nafaka itakayonunuliwa kijijini ila kwa kilo, katika mizani ya kijiji yenye chapa ya Wakala wa Vipimo, mahali pamoja, mchana. Mizani ya namna hiyo kijiji chaweza kuinunua kwa mchango, na ushuru mdogo wa kila gunia ukairudisha gharama. Lori lisilokubali mizani lipite. Litapita kweli mara ya kwanza, na watu watanung'unika. Lakini vijiji vitano vya tarafa moja vikishikana, halina pa kwenda.

Kisha kuna ghala. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 imefungua njia ya mkulima kuweka mazao, akapewa hati, na hati hiyo akaikopea fedha huku akingoja bei. Njia hiyo imetumika zaidi kwa korosho na mazao mengine ya biashara, na mwenye magunia matatu ya mahindi haioni. Kwake yeye lingefaa jambo dogo zaidi: chumba kimoja kikavu, chenye sakafu iliyoinuliwa na mlango wa kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na daftari linalosomwa hadharani. Vijiji vingi vina jengo la namna hiyo lililojengwa zamani, na ndani yake wanaishi popo.

Tumebakiza neno la ndugu wafanyakazi, na kwa kweli ndilo lililotusukuma kuandika. Kila Januari simu hulia. Nyumbani hakuna unga. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umeliwa na sikukuu na sare za watoto hukopa, hutuma, na fedha ile hununua kwa bei ya juu mahindi ya namna ileile aliyoyaona yakipakiwa alipokuwa likizo. Yeye ndiye anayelipa ile hasara ya shilingi 100,000 katika mfano wetu, na hulipa kila mwaka, akidhani anasaidia wazazi. Anawasaidia, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya msaada huo imepitia kijijini tu ikaenda kwa mwenye lori.

Twamshauri atume Juni. Asitume kama zawadi, maana zawadi ya Juni huliwa katika harusi. Anunue. Amwambie mama: magunia mawili yale uliyotaka kumpa dalali, nakupa mimi bei yake, tena bila lumbesa, nayo yabaki palepale ndani ya mifuko mizuri mpaka Januari. Mama amepata fedha za madeni yake, chakula hakikuondoka, na mtoto amenunua kwa bei ya mavuno. Wasio na fedha Juni wanavyo vyama vya kuweka na kukopa kazini, ambavyo hukopesha kwa misiba, kwa ada na hata kwa viti vya sebuleni. Sioni, wala wenzangu hapa hawaoni, kwa nini visikopeshe kwa magunia mawili. Na kuhusu michango ya harusi za kiangazi, ambayo mfanyakazi mmoja aweza kupokea kadi nne au tano kwa mwezi, kila mtu na afanye hesabu yake mwenyewe akiwa amejifungia chumbani.

Na atakayekuwa kijijini kwa likizo siku ya mkutano mkuu asikae nyumbani akisema hayo ni ya wenyeji. Aende, asimame wakati wa mambo mengineyo, aulize iko wapi mizani ya kijiji, na nani ana ufunguo wa ghala.